Pipa la Petroli na Jina la Mtoto

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana umeme ulikuwa umekwisha fika, aliishi fundi wa kuchomelea vyuma aitwaye Ambakisye. Mkewe, Tusekile, alikuwa na mimba ya miezi tisa, miguu imevimba, na karakana ilikuwa hapo hapo uani.

Siku moja mwoka mikate alileta pipa la petroli ligeuzwe tanuri.

"Liko tupu," alisema Ambakisye. "Limekaa juani wiki nzima."

Bupe, jirani muuza chakula, alinusa mdomo wa pipa. "Tupu? Kwani hii ni harufu ya supu?" Hakungoja jibu. Akabeba maji yake ya kuoshea vyombo, ndoo baada ya ndoo, akalijaza karibu mpaka juu.

"We mama, unanichelewesha!"

"Chelewa, baba. Mtoto atakukuta."

Ambakisye akawasha mashine ya kuchomelea, cheche ya kwanza ikatua. Moto ukaruka mdomoni mwa pipa, puu! Ukamla Ambakisye nyusi zote mbili, ukazimika. Kila mtu alielewa: bila maji, pipa lingelipuka lote.

Ambakisye akaweka vifaa chini. Lakini mama yake, Atuganile, akasema, "Nyusi zitaota. Mwenye tanuri nimemwahidi saa sita. Maliza."

Ambakisye akainamisha pipa, maji yakamwagika chini ya ndala zake. Hapo ulipita waya wa mashine, umechubuka. Umeme ukamnasa, mkono ukagandia kwenye pipa.

Tusekile akanyoosha mikono amvute.

"Wifi, usimguse!" Ikupa, dada yake Ambakisye, akampita kaka yake kama hamjui, akakimbilia ukutani, akashusha swichi kuu. Ambakisye akaanguka. Hapumui.

Atuganile akapiga magoti, akakandamiza kifua cha mwanawe kama alivyofundishwa kwenye semina ya zahanati. Akakandamiza, akahesabu. Akakandamiza, akahesabu. Mwishowe Ambakisye akakohoa.

Siku ya tatu Tusekile akajifungua mtoto wa kike. Ambakisye, sasa amevaa buti na waya amenunua mpya, akasema, "Aitwe jina la aliyeniokoa."

"Basi ni mimi," alisema Bupe. "Bila maji yangu mngezika vipande."

"Maji yako ndiyo yaliyomletea umeme!" alisema Ikupa. "Bila mimi angekauka pale pale, na wifi juu yake, na mimba yake."

"Na ule waya?" alijibu Bupe. "Uliuona umechubuka tangu Jumatatu, ukanyamaza."

"Nilidhani mwenyewe kauona."

"Nyie mliniachia maiti," alisema Atuganile. "Mwanangu huyu nimemzaa mara mbili."

"Na nani alimharakisha, mama?" aliuliza Ikupa.



Tusekile alikuwa ananyonyesha, hajalala siku mbili. Kutoka jikoni alimsikia mumewe akikoroga uji, akipiga mluzi, na sauti hiyo bado aliisikia kwa sababu ya wanawake wote watatu. Nusura ampoteze kwa sababu ya hao hao.

"Punguzeni sauti," alisema. "Kesho kliniki wanataka jina kwenye kadi, na nafasi ni ya jina moja."

Haya, nyinyi mliosikiliza, mwambieni mzazi aandike apate kulala: mtoto huyu ni Bupe, ni Ikupa, au ni Atuganile?