Mengineyo: Hakuna

Haya wenzangu, tulieni. Mwenye mtoto anayelia ampakate, na aliye karibu na yule anayesinzia amfinye kidogo. Nina mfano leo. Msiniulize nimeuokota wapi, masikio yangu hayajawahi kwenda likizo.

Palikuwa na chuo kimoja, na chuoni kulikuwa na gazeti la ukutani, lile la wanafunzi linalobandikwa ubaoni kila Jumatatu. Mhariri wake alikuwa binti wa mwaka wa pili, mwandishi hasa, akikugusa unawashwa wiki nzima. Basi mkuu wa chuo akamwita.

"Binti, gazeti lako limezidi kuwasha. Niundie bodi ya ushauri. Watu watano, mmoja atoke kwa wafanyakazi. Bila bodi, ubao naung'oa."

Binti akatoka pale akiwaza. Ung'oe ubao, yeye atabaki nani? Msichana mmoja kati ya mia nne, basi. Akaunda bodi.

Mnadhani alitafuta watu wa kumkatalia? Thubutu! Alimchukua mwalimu mstaafu anayesinzia vikaoni. Akamchukua bwana mmoja wa mjini kwa ajili ya suti yake, na mwalimu wa lugha anayemwita "nyota yangu". Akamchukua na mchungaji ambaye kila jambo yeye ni amina. Mchungaji wetu usinune, hakuwa wewe. Wa tano alikuwa mama mmoja mpishi, mpole, hana makuu. Na tuambiane ukweli, kwenye kikao lazima awepo mtu wa kumimina chai.

Kikao cha kwanza kikaja na habari moja moto: kila alasiri kuna ndoo ya bluu iliyofunikwa inatoka jikoni, na sheria ya chuo inasema chakula hakitoki bwaloni. Nani anaibeba? Inakwenda wapi? Binti hakuwa ameuliza. Aliyemletea habari aliona ndoo na mgongo wenye khanga, na kwa binti hiyo ilitosha.

Akasoma. Wajumbe wakatikisa vichwa. Yule mama mpishi akanyoosha mkono.

"Samahani mwanangu, kuhusu hiyo ndoo..."

"Mama, subiri mengineyo."

Mnayajua mengineyo, wenzangu? Ni kile kipengele cha mwisho kabisa kwenye ajenda, ambacho watu wadogo huambiwa wakisubiri mpaka wakubwa waone njaa. Mama akashusha mkono.

"Na chai, mama, wageni wetu wanakauka."

Mama akainuka. Aliporudi na birika, mchungaji alikuwa amesimama, macho amefumba, anafunga kikao kwa sala.

Jumatatu gazeti likabandikwa. Watu walijazana pale ubaoni kama wanagawiwa nyama. Kufika mchana khanga imeshajulikana ni ya nani, wengine wanamwigiza anavyotembea. Jumanne mkuu akamwambia yule mama akae nyumbani mpaka aitwe. Na binti? Alipita korido zote kichwa juu. Kazi imefanyika!

Jumatano akapita bweni la wagonjwa kuchukua shuka lake aliloliazimisha. Kitandani kulikuwa na msichana wa mwaka wa kwanza, homa imemkausha midomo.

"Dada, yule mama wa uji leo pia haji?"

"Mama wa uji gani?"

"Anayetuletea kwenye ndoo ya bluu. Sisi tusioweza kutembea hadi bwaloni."

Binti akakaa kwenye kitanda cha pili. Alikijua kitanda kile. Mwaka uliopita malaria ilimlaza hapo siku saba, na kila alipozinduka alikuta kikombe cha uji wa moto pembeni. Hakuuliza umetoka wapi. Alipopona alisimama kanisani akatoa ushuhuda, akamshukuru Mungu na mkuu wa chuo.

Alikimbia hadi kwa yule mama, akamkuta anachambua mchele. Hakuweza kumtazama usoni.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Nilinyoosha mkono, mwanangu. Ukaniambia mengineyo."

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo palipouma. Binti akarudi, akalibandua gazeti mbele ya wote waliokuwa wakilicheka, akaenda kumwambia mkuu habari yote. Kisha akafungua muhtasari wa kikao ili ausahihishe. Mwisho wa karatasi, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa pameandikwa: Mengineyo: hakuna.

Na alikuwa ameuandika siku moja kabla ya kikao.

Mbona mmenyamaza? Mlikuwa mnacheka sasa hivi.

Sisi tunapopiga magoti kumwomba Mungu ushauri, muhtasari si tunao mfukoni? Mchumba tumeshakubali posa yake, jirani tumeshamhukumu, na mimi mwenye mdomo huu nimo, tena mstari wa mbele. Tunamweka Bwana kwenye bodi ili jina lake lipendeze juu ya karatasi. Akinyoosha mkono tunamwambia asubiri, halafu tunafunga kwa sala.

Leo tusifunge haraka. Kaeni kimya kidogo. Kila mtu amtafute moyoni mwake yule aliyemwambia asubiri, na kesho, kabla hajaweka chai jikoni, aende akamuulize alikuwa anataka kusema nini.