Nakiete na Mdudu wa Manyoya

Hadithi hii alinisimulia kwanza mama mkwe wangu, Bibi Nambua, jioni moja tukipukuchua mahindi, watoto wametuzunguka. Naiandika kama alivyoisema.

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na mto!
Upite!
Palikuwa na zimwi!
Likae huko huko!

Basi, hapo kale, juu milimani kwenye maji ya baridi, waliishi dada wawili yatima, Nakiete na mdogo wake Namkunda. Siku moja Namkunda alikwenda kuchota maji. Zimwi likamkamata, likamfungia katika pango nyuma ya maporomoko.

Nakiete akaja akilia. "Nirudishie mdogo wangu!"

Zimwi likacheka hadi mawe yakatikisika. "Roho yangu imo ndani ya samaki wangu, yule pale kwenye kina. Mvue, nife, umchukue. Ila nyungunyungu hali. Anakula wadudu wanaotua juu ya maji tu. Nakupa siku tatu. Ukishindwa, namla mdogo wako kwa chumvi."

Nakiete akapinda sindano motoni ikawa ndoano. Akakamata mdudu wa kweli, akamchoma. Mdudu akavunjika vipande.

"Basi nitamtengeneza," akasema.

Akazungushia ndoano manyoya ya mbuzi kwa uzi uliopakwa nta, akatupa. Samaki akaja, akatazama, akarudi zake.

"Hicho ni kipande cha blanketi!" likasema zimwi.

Siku ya pili akaongeza mabawa ya unyoya wa njiwa. Samaki akaja, akatazama, akarudi zake.

"Leo umeleta kuku aliyelowa! We Namkunda, muage dada yako!"

Namkunda akapaza sauti kutoka pangoni, "Dada, acha kumwangalia samaki! Mwangalie mdudu!"

Basi Nakiete akalala kifudifudi ukingoni, kidevu karibu kiguse maji, akamtazama mdudu wa kweli. Akaona miguu tu ndiyo inayogusa maji. Mwili uko juu, mkavu. Mabawa yamesimama, hayakulala. Na mkiani mna nywele nyembamba, zimeinuka.

Akafumua yote, akaanza upya. Akafunga tumbo kwa uzi mwembamba, pingili kwa pingili. Akasimamisha mabawa. Akachukua unyoya wa shingo ya jogoo, akauzungusha mpaka nyuzi zake zikasimama pande zote kama miguu. Mkia ndio ukamshinda. Kila unywele aliojaribu ulikuwa mnene. Akang'oa kope zake mwenyewe, akazifunga hapo.

Siku ya tatu akamtua mdudu wake majini taratibu. Naye akaelea, miguu tu ikigusa maji.

Zimwi likangoja, likachoka. "We binti, mbona hutupi chambo?"

"Nimeshatupa."

"Kiko wapi? Mimi naona mdudu tu!"

"Ndiye huyo."

Samaki akaja, akatazama. Nakiete akabana pumzi. Chubwi! Samaki akamdaka.

Nakiete akavuta kwa nguvu zake zote, samaki akaanguka nchi kavu. Zimwi likashika kifua, macho bado yako kwa yule mdudu mdomoni mwa samaki.

"Hata miguu," likanong'ona. "Hata mkia! Nani amekufundisha?"

"Mdudu mwenyewe."

Likaanguka, likawa jiwe. Namkunda akatoka nyuma ya maji, amelowa chapachapa, akamkumbatia dada yake. Akamtazama usoni.

"Dada, kope zako ziko wapi?"

"Zimekwenda kuvua."

Wakacheka mpaka wakalia, wakaenda nyumbani.

Hadithi yangu inakomea hapo. Iliyo nzuri mgawane, iliyo mbaya mniachie. Na funzo lake ni hili: anayetaka kutengeneza kitu kifanane na cha kweli, akitazame kwanza kile cha kweli, tena kwa subira.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuchota maji, mwanangu Sifaeli mgongoni. Nikachutama ukingoni nikiwatazama wadudu wanavyosimama juu ya maji, mpaka Bibi Nambua akaita kutoka jikoni, "Mama Sifaeli! Uji tuupike kwa mate?"