Stoo Tupu

"Shemeji, sijasema vitabu havifai. Nimesema visionekane."

"Kitabu kisichoonekana kinasomwaje?"

"Unajua nina maana gani."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Mabishano hayo yalikuwa yamekula saa nzima. Wajumbe tisa wa kamati ya wazazi walikuwa wamejibana kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yakikaribia kugusa videvu, na kila mmoja alikuwa na kazi iliyomsubiri kwake. Aliyetaka vitabu visionekane alikuwa mwenyekiti wao, ambaye mtaa mzima ulimwita Kipaza kwa kuwa hakuwahi kuhitaji kipaza sauti. Aliyembishia alikuwa mke wa kaka yake, mshonaji wa nguo, aliyeitwa Fundi na kila mtu, hata na mumewe dereva wa lori alipopiga simu kutoka safarini. Mwalimu Mkuu alikaa karibu na mlango, ameshika fomu ya kurasa mbili kama mtu aliyeshika chai ya moto asijue pa kuiweka.

Fomu hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Wiki mbili kabla, mgombea urais alifanya mkutano kwenye uwanja wa mpira na kueleza mpango wake wa kuinua elimu katika shule za umma. Ulikuwa mpango mzuri. Kila mtoto angepata kitabu chake mwenyewe kwa kila somo. Darasa lisingezidi watoto arobaini na tano. Walimu wapya wangeajiriwa, wa zamani wangerudishwa mafunzoni, na vyoo vya shule vingepata milango. Hata Fundi, ambaye si mwepesi wa kupiga makofi, alipiga. Kisha watu wa mgombea wakapita shuleni, wakaacha fomu ili wajue mahitaji. Swali la tano liliuliza: shule ina vitabu vingapi vya kiada?

Jibu la kweli lilikuwa kwamba darasa la saba lilikuwa na watoto mia moja na kumi na wanane, na vitabu arobaini kwa kila somo. Lakini vitabu hivyo arobaini vilifanya kazi ya mia na ishirini, na hiyo ilikuwa kazi ya mikono ya Fundi. Miaka saba iliyopita alichukua kitabu kinene cha hisabati kilichokuwa kimeachana na jalada lake, akakikata vipande vitatu, akakishona kila kipande kwa uzi uliopakwa nta, akakivika kitambaa kigumu kilichobaki kwenye sare. Kipande cha kwanza jalada la buluu, cha pili la kijani, cha tatu la kahawia. Watoto watatu wakasoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja, kila mmoja na kipande chake, na wakabadilishana kwa zamu. Utaratibu ukaenea shule nzima. Kila Ijumaa mchana vipande vilivyochanika vilipelekwa kwa Fundi, na Jumatatu vilirudi vikiwa vizima. Havikupendeza. Vilikuwa na viraka juu ya viraka. Lakini shule hiyo ilikuwa inapeleka watoto sekondari kila mwaka, na binti mkubwa wa Fundi alikuwa darasa la saba. Mtihani wa mwisho ulikuwa miezi sita mbele, na asiyefaulu mtihani ule hakuwa na mlango mwingine wa kuingilia sekondari.

"Ukienda kwa daktari umejipaka manukato, umevaa suti, atakuhudumia wa mwisho," Kipaza alisema. "Tukiandika kwamba tuna vitabu, tutawekwa mkiani. Shule ambazo hazina kitu ndizo zitakazopata kwanza. Na sisi hapa tunaringia matambara."

"Matambara hayo ndiyo yaliyompeleka mwanao sekondari."

"Nashukuru, shemeji. Sasa tuwapeleke wengine kwa vitabu vya kweli."

"Basi nitavihifadhi kwangu mpaka wapite."

"Wakimuuliza mtoto mmoja tu, atasema viko kwa Fundi. Tutaonekana waongo."

"Kwani tutakuwa nani?"

Wajumbe wakacheka, kicheko kifupi cha watu wenye njaa. Kipaza naye akacheka, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesubiri muda mrefu, na subira ikizidi humfanya mtu akimbilie kivuli akidhani ni nyumba.

Fundi akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Na wewe, mwalimu, unasemaje?"

Mwalimu Mkuu aliitazama fomu. "Mama, nimeandika barua kumi na moja kuomba vitabu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hata swali moja. Hii fomu ndiyo mara ya kwanza naulizwa." Akaigeuza. "Nimechoka. Kamati ikiamua, nitafuata."

Wakapiga kura kama vitabu viondolewe kabisa. Mikono saba ikapanda. Iliyobaki chini ilikuwa miwili: wa Fundi, na wa mzee mmoja aliyekuwa amesinzia.

Siku ya pili mkokoteni wa mwoka mikate ulisimama mbele ya stoo. Mwoka mikate alikuwa amekubali kuvichukua vitabu vyote awashie tanuri, na watoto wakapangwa mstari kuvibeba. Binti wa Fundi alirudi nyumbani akanawa mikono, akakaa.

"Tulivibeba wenyewe, mama," alisema. "Cha kahawia cha sayansi kilikuwa zamu yangu wiki hii. Nikakipakia."

Fundi aligeukia kazi yake. Juu ya cherehani yake kulikuwa na kitabu kimoja cha hisabati cha darasa la saba, vipande vyote vitatu, kilicholetwa Ijumaa kwa kushonwa. Jioni Kipaza alituma mtu akichukue. Fundi akamjibu kwamba hajamaliza kukishona. Kila aliyetumwa baada ya hapo alipewa jibu hilo hilo, mpaka Kipaza akaacha kutuma.

Mwalimu Mkuu akajaza swali la tano kwa sifuri. Stoo ikapakwa chokaa, rafu zikafutwa, na Kipaza, aliyekuwa amepewa kazi ya kubandika mabango ya mgombea mtaani, akabandika moja kwenye mlango wa stoo. Chini ya picha paliandikwa: Kila Mtoto Kitabu Chake.

Mgombea akashinda. Watu wakashangilia, na Kipaza akapoteza sauti kwa siku tatu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kisha mtaa ukatulia, ukaanza kusubiri.

Darasani kusubiri kulikuwa na sura yake. Mwalimu aliandika maswali ubaoni kwa chaki, watoto mia na kumi na wanane wakanakili, wa nyuma wakiwauliza wa mbele kilichoandikwa, na kabla wa mwisho hajamaliza kunakili kengele ililia. Ubao ukafutwa kwa ajili ya somo jingine. Nusu ya kila kipindi ilikwenda kwenye kunakili, nusu nyingine kwenye kunyamazishana. Mwezi wa kwanza binti wa Fundi alipata arobaini na moja kati ya hamsini katika hisabati, kwa kile alichokuwa anakumbuka. Mwezi wa pili thelathini na tatu. Mwezi wa tatu ishirini na sita, ingawa kila siku baada ya kuosha vyombo alikaa na vile vipande vitatu vya mama yake. Wenzake hawakuwa hata na hivyo. Mmoja alipata tisa.

"Vitabu vinakuja lini, baba mdogo?" binti alimuuliza Kipaza siku moja alipopita kuwasalimu.

"Vinakuja."

"Mtihani unakuja kabla yake?"

Kipaza akamwangalia Fundi, naye Fundi akaendelea kukanyaga cherehani.

Zikiwa zimebaki wiki kumi na moja, afisa wa elimu akafika. Alikuwa mwanamke mwenye viatu vilivyojaa vumbi na mkoba uliomwelemea bega moja, na alisema kwamba shule yao ilikuwa ya nne siku hiyo. Ilikuwa Jumamosi, lakini darasa la saba lilikuwepo kwa masomo ya ziada. Mwalimu Mkuu aliwaita mwenyekiti na wajumbe waliokuwa karibu. Akaja Kipaza, akaja na Fundi, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Kipaza akafungua mlango wa stoo kwa mikono miwili. Ndani kulinukia chokaa. Rafu zilikuwa safi kama sahani zisizojua chakula.

"Nafasi ipo ya kutosha," alisema.

"Nafasi naiona," afisa alijibu. "Naomba daftari la kuazimisha vitabu. Na mnieleze vinavyochanika vinatengenezwa na nani."

Kipaza akageuka kumtafuta Mwalimu Mkuu.

Afisa akaeleza kwa upole wa mtu aliyekwisha kusema maneno hayo mara tatu tangu asubuhi. Vitabu vilivyochapishwa havikutosha shule zote kwa mara moja. Mahali pengine vitabu vipya viligawiwa miaka ya nyuma vikawa vumbi kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo awamu ya kwanza ilikuwa kwa shule zilizoonyesha kwamba zinaweza kutunza hata kile kidogo zilicho nacho. "Nilisikia kuna shule huku inakata vitabu vipande na kuvishona upya," alisema. "Nilidhani ni hii."

Kipaza alifungua kinywa, na kwa mara ya pili mwaka ule sauti haikutoka.

"Ni hii," alisema Mwalimu Mkuu. "Vilikuwepo. Tulivitoa ili tuonekane hatuna."

Afisa akamtazama, kisha akazitazama rafu. Angeweza kuwasema, na wangestahili. Lakini alikuwa na shule mbili nyingine za kwenda kabla ya jua kuzama, akachomoa kalamu akaandika. "Itabidi awamu ya tatu. Kama miaka miwili hivi. Pole, mwalimu." Akabadilisha mkoba bega, akaondoka.

Walibaki watatu mbele ya mlango ulio wazi. Kipaza alimngoja shemeji yake aseme. Alikuwa amejiandaa kwa vijembe tangu swali la kwanza la afisa.

"Sema basi, shemeji."

"Niseme nini? Nikisema, vitabu vitatoka kwenye tanuri?" Fundi aliketi kwenye kizingiti. Miguu ilimuuma, na kichwani alikuwa na hesabu moja tu: ishirini na sita, wiki kumi na moja. Alilitazama lile bango mlangoni, akalitazama tena. Akainua ukucha akalibandua kona moja iliyokuwa imeachia gundi.

"Haya mabango yaliyobaki uliyapeleka wapi?"

"Yako chini ya kitanda. Mabunda matatu. Nilikosa pa kuyatupa."

"Nyuma yameandikwa kitu?"

"Nyuma ni meupe."

"Kayalete."

"Saa hizi?"

"Mtihani hauulizi saa, shemeji. Kayalete."

Kipaza akaenda. Mtu wa umri wake na kitambi chake hakutarajiwa kukimbia, lakini alikimbia. Fundi naye akaenda nyumbani, akarudi na vile vipande vitatu vya hisabati, uzi, nta, sindano nne na mkasi. Akaviweka juu ya meza ya mwalimu mbele ya darasa la saba, cha buluu, cha kijani na cha kahawia, na watoto wakainuka kwenye madawati kama walioona ndugu aliyedhaniwa amekufa.

Kisha akafanya jambo ambalo mkono wake ulikataa mara mbili kabla ya kukubali. Akakata nyuzi zake mwenyewe. Kitabu cha mwisho kikawa karatasi zilizoachana, na kila dawati likapewa karatasi moja ya kunakili na mabango yaliyokatwa robo robo. Mwalimu Mkuu alipita kati ya madawati akikagua kwamba hakuna tarakimu iliyokosewa. Masomo mengine, alisema, atakwenda Jumatatu mwenyewe shule ya jirani kuomba kuazima kitabu kimoja kimoja, na hataandika barua.

Kipaza alijibana dawati la nyuma, akanakili kama wengine.

"Baba mdogo," binti wa Fundi alimwambia, akichungulia, "hiyo ni saba au ni moja?"

"Ni saba."

"Basi ifanye iwe saba."

Akaifanya iwe saba.

Kurasa za kwanza zilipokusanywa, Fundi alizikunja upande wa picha ukae ndani na upande mweupe uliojaa hesabu ukae nje, akazipanga, akaupitisha uzi kwenye nta. Uso wa mheshimiwa ukabaki katikati ya mikunjo, ukitabasamu mahali pasipoonekana. Pengine mpango wake ungefika, na siku ukifika wangeupokea kwa mikono miwili. Lakini vitabu vya stoo havikuteketezwa na yeye, na wote mle darasani walilijua hilo. Fundi alichoma sindano ya kwanza, akavuta uzi mpaka ukakaza, akafunga fundo, akampa mtoto wa dawati la mbele kitabu chake. Usiache mbachao kwa msala upitao.