Mkono wa Mheshimiwa

Kabla hajanenepa shingo, Waziri Semhando alikuwa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha kamba. Sasa alirudi pale kiwandani na msafara wa magari, kuja kuzima mgomo.

"Sheria nimeitunga mimi," alinguruma jukwaani. "Hakuna mgomo mpaka waziri auunge mkono hadharani. Na mimi siungi!"

Chausiku, msokota kamba mwenye maneno matamu, alipiga goti. "Tumekoma, baba. Turuhusu tu tukuage kwa ile salamu uliyotufundisha ulipokuwa mwenyekiti wetu."

Semhando alivimba kwa raha mpaka kifungo cha koti kikaruka. Akaketi kitini pake jukwaani, akawaamuru waandishi wa habari wasogeze kamera.

Chausiku akapaza sauti: "Kazi bila haki?"

Umati mzima ukakaa kimya. Mtu mmoja tu aliruka kutoka kitini, ngumi juu, mishipa imemtoka:

"Tunagoma!"

"Ahsante, baba." Chausiku akawageukia wenzake. "Haya, twendeni nyumbani. Waziri ameunga mkono."

"Mkono gani?" alifoka Semhando. "Sijaunga mkono wowote!"

"Basi ushushe kwanza, baba."