Kopo la Maji la Mzee Mavoa

Kamba hudanganya, sakafu haidanganyi. Mmemsikia leo kocha wenu akimkemea mwenzenu kwa msemo huo, mkacheka, kisha mkataka kujua umetoka wapi. Kaeni basi, na wewe uliyepiga picha na glovu kabla hujatoa jasho kaa mbele kabisa. Msemo huu haukutungwa na mshairi. Ulitoka kwenye udongo, na mwanzo wake ni huu.

Shamba la mkonge la Kwamgwe lilikuwa na ghala kuukuu la katani, na humo wakataji mkonge walifanyia mazoezi ya ndondi. Sakafu ilikuwa ya udongo wa kichuguu, umeshindiliwa hadi ukawa mgumu kama chungu. Mwalimu wao alikuwa Mzee Mavoa, mtu wa maneno machache na jicho moja. La pili lilichomwa na mwiba wa mkonge wiki mbili kabla ya pambano lake la kugombea mkanda, na hakupata nafasi nyingine tena.

Pale palikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Kila bondia alijisukia kamba yake ya katani na kuchagua mahali pake pa kurukia, na hakuna aliyeruhusiwa kupanda ulingoni mpaka kamba zake tatu zikatike kwa kuruka. Kamba iliyosukwa vizuri ilichukua miezi minane kukatika. Hesabuni wenyewe.

Hoza alikuwa na miaka kumi na tisa, na mikono yake ilikuwa na kasi ambayo wazee wa Kwamgwe hawakuwahi kuiona. Akirusha ngumi, ulisikia kishindo kabla hujaona mkono. Alijua hivyo, na kujua huko ndiko kulikomponza. Ilipotangazwa kwamba Ndaro wa Pangani, bingwa wa mkoa, atapigana sikukuu ya Saba Saba na bondia atakayeletwa na Kwamgwe, Hoza alikuwa amekata kamba moja tu.

Aliona nafasi inampita hivi hivi. Akasuka kamba ya pili na ya tatu, akazichukua hadi kwenye jiwe la kunolea mapanga, akazisugua hapo katikati panapogusa ardhi. Alizisugua kwa ufundi, uzi mmoja mmoja, mpaka zikakatika kama zilizochakaa zenyewe. Kisha akazipeleka ghalani mbele ya watu wote.

"Shikamoo, mwalimu. Ya pili na ya tatu hizi hapa."

"Marahaba." Mzee Mavoa alizipapasa zile kamba kwa vidole. Alikawia nazo. "Zimechakaa vizuri. Hebu niletee maji, kopo moja."

Maji yakaletwa. Mzee akaenda mpaka mahali pa Hoza, karibu na nguzo ya tatu, akayamwaga taratibu. Maji yakatambaa huku na huku, yakaenda hadi ukutani. Hapakuwa na dimbwi hata la kunywesha kifaranga.

Mabondia wa kamba tatu, ambao miguu yao ilikwisha kuchimba vishimo pale wanaporukia, walielewa kabla Hoza hajaelewa. Mmoja akaguna, wengine wakatazama chini.

"Kamba hudanganya, Hoza," mzee alisema bila kupandisha sauti. "Sakafu haidanganyi."

"Mwalimu, nisamehe. Lakini hata wewe unajua. Hapa hakuna anayeniweza!"

"Najua. Raundi tatu utamchezea Ndaro kama mtoto. Ya nane utaomba miguu, na miguu haiazimwi." Akamrudishia kamba zake. "Mlango huu hauna kufuli. Wenye pambano watakupokea leo hii ukienda. Mimi sikuzuii."

Hoza alitoka na kamba zake kwapani. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wenye pambano walikuwa Korogwe, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na jina lake walikuwa wanalisubiri. Alifika njia panda akasimama pale muda mrefu. Hasira ilimwambia aende, lakini kila alipoinua mguu aliyaona yale maji yakitambaa hadi ukutani. Mwishowe akageuka, akaenda kuomba katani mbichi, akaanza kusuka.

Saba Saba hiyo alikwenda bondia mwingine wa Kwamgwe, naye akapigwa raundi ya saba. Aliyembebea ndoo na taulo alikuwa Hoza, na hakuna aliyemlazimisha.

Miaka miwili akaruka. Aliruka alfajiri kabla ya kwenda kukata mkonge, akaruka jioni mikono ikiwa na vidonda vya miba. Kamba ikikatika, alisuka nyingine bila kumwonyesha mtu. Mzee Mavoa hakuuliza, na Hoza hakusema. Siku moja mvua ilivuja ghalani, na asubuhi watu wakakuta maji yametuama karibu na nguzo ya tatu. Mzee akayatazama kwa jicho lake moja, akasema tu, "Mwiteni Ndaro."

Pambano lilikuwa la raundi kumi. Ndaro hakuwa mtu wa mchezo, na raundi ya tano alimwangusha Hoza chini. Hoza akainuka. Kuanzia ya nane Ndaro alianza kuikokota miguu, ya Hoza ikawa bado inacheza kama ndiyo kwanza kengele imelia. Raundi ya kumi bingwa wa Pangani aliketi kwenye kona yake, akakataa kusimama.

Kwamgwe nzima ilimbeba Hoza hadi ghalani, mkanda kiunoni. "Hajatokea kama wewe!" walipiga kelele. "Wewe ndiye mkubwa wa wote, tangu ngumi ziumbwe!"

Hoza akaomba ashushwe. Akaomba kopo la maji.

Akamimina mahali pake. Shimo likajaa kwa kopo moja, maji yakafurika pembeni, na watu wakashangilia. Kisha akaenda kwenye kona ya nyuma, palipokuwa pamewekwa magunia miaka yote. Akayasogeza. Chini yake palikuwa na shimo la zamani, laini kama bakuli, mahali aliporukia Mzee Mavoa katika ujana wake. Hoza akamimina kopo moja, likamezwa. La pili, likamezwa. La tatu likaingia lote, na bado maji hayakufika ukingoni.

Hoza akavua mkanda, akaufunga kiunoni mwa mzee, ambaye hakuwahi kuvaa mkanda maisha yake yote. Mzee Mavoa alilia kwa jicho lake moja, wala hakujificha.

Hoza alipigana miaka kumi na mitatu mingine, na hakuna aliyemshinda. Mkoani humo hadi leo hajatajwa bondia wa kumfikia. Lakini asubuhi iliyofuata ushindi wake juu ya Ndaro, wenzake wangali wamelala na uchovu wa sherehe, alisikika karibu na nguzo ya tatu akiruka.

Kamba hudanganya. Sakafu haidanganyi.