Ufunguo Shingoni mwa Mama

Hapo zamani, ile zamani ya kitabu kimoja kwa darasa zima, palikuwa na mwalimu wa Kiingereza huko Urambo, jina lake Nyamizi. Riwaya ya kuchambua ilikuwa nakala moja tu. Basi wanafunzi wake watatu wakafanya kama waliowatangulia: wakaifumua mshono, wakapata vipande vitatu. Kila mmoja akasoma chake, na jioni wakasimuliana wakiosha vyombo.

Tungu alisoma mwanzo. Milembe alisoma katikati. Mihayo alisoma mwisho, pale mama anapoichoma nyumba yake mwenyewe.

Likaja shindano la insha. Swali: kwa nini mama aliichoma nyumba? Insha zilikwenda kwa namba, bila majina. Watatu hao wakapeleka insha moja, nayo ikashinda. Zawadi ilikuwa nafasi ya mtu mmoja kumalizia masomo kwenye shule ya mjini yenye maktaba. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina, na pikipiki ya kuipeleka ilikuwa inaondoka saa sita.

Saa tano Mwalimu Nyamizi akawaita ofisini.

"Nani aliandika?"

"Mimi," akasema Mihayo. "Kila sentensi. Hawa wakianza sentensi ya Kiingereza jana, wanaimaliza kesho kutwa. Bila mimi majaji wasingefika aya ya pili."

"Huyo ni karani, mwalimu," akasema Milembe. "Wazo ni langu. Wote walisema mama alichoma kwa hasira. Mimi nikasema mwenye hasira havai ufunguo wa nyumba shingoni miaka yote. Aliichoma ili wanawe wasiwe na pa kurudi, waende wakaishi."

"Ulisema, 'Yule mama anawapenda, basi.' Nikaifanya kurasa nne," akadakia Mihayo.

Mwalimu akamgeukia Tungu. "Na wewe?"

"Ufunguo ulitoka kwangu."

"Ulitoka kitabuni," akasema Milembe.

Tungu akatazama viatu vyake. "Haumo, dada. Mlikuwa mnasinzia. Nikamvalisha mama ufunguo ili mnisikilize."

Mwalimu akavichukua vile vipande, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Hakuna ufunguo. Akafungua barua ya majaji: walisifu jicho lililouona ufunguo. Akaitazama nakala ya insha: pembeni mwa ufunguo palikuwa na alama ya vyema, kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wake. Riwaya ile alikuwa ameifundisha miaka kumi na mmoja.

Akaketi.

"Lakini mama yule ni kweli, mwalimu," akasema Milembe. "Kwenye kipande changu anawafungia watoto mizigo yao kabla ya moto."

"Mbona hukulitumia hilo?"

"Ufunguo ulipendeza zaidi."

Mihayo akakohoa. "Kwenye kipande changu mlango wa nyumba ile unafungwa kwa kamba. Hauna hata kitasa."

"Ulijua?"

"Nilijua, mwalimu. Lakini aya ilikuwa imeshakaa vizuri."

Nje, dereva akawasha pikipiki. Mwalimu akashika kalamu. Akimwandika Mihayo, anamtuza aliyejua akanyamaza. Akimwandika Milembe, anamtuza aliyeuona ukweli akauacha. Akimwandika Tungu, anamtuza mwongo, na ule uongo ndio uliowafungua macho wenzake. Akiirudisha fomu tupu, wote watatu wanabaki na kitabu kilichofumuliwa, naye atalazimika kueleza ile alama yake nyekundu.

"Mwalimu," dereva akaita dirishani, "niende au nisubiri?"

"Subiri," akasema Nyamizi. Kalamu iligusa mstari, ikaacha nukta, ikainuka.

Hapo ndipo nilipoiacha hadithi, na nukta ile ingali peke yake. Nanyi mlionisikiliza, msijibu kwa pupa, maana na majaji walijibu kwa pupa. Mwenye wazo, mwenye maneno, mwenye uongo: je, nani alistahili mstari ule?