Mizani Juu ya Mlango

Sikiliza vizuri, maana mwishoni hutaulizwa kama hadithi ilikuwa tamu. Utatakiwa kuhukumu.

Zamani, katika mji wa Ulaya ambako baridi hupasua mawe, kanisa kuu lilikaa miaka mingi bila mlango wake mkubwa. Bwana wa ardhi akatoa watu wake watatu waujenge. Nasema watu wake kwa maana walikuwa mali yake: hawahami wala hawaoi bila idhini yake, na mtoto wa mama asiye huru huzaliwa si huru.

Mzee Odo alikuwa na sikio. Akigonga jiwe, husikia ufa ambao jicho halijauona. Perrin alikuwa na mkono. Alichokichonga kilionekana kinataka kusema. Mahaut alijua chokaa: kuichoma, kuichanganya, kuilea. Yeye hutajwa mwisho kila mara. Alizoea, ila hakukubali.

"Chokaa ni tope tu, dada," Perrin alimtania.

"Na malaika wako atashikwa na nini kule juu? Sala zako?"

Odo alikataa mawe manane ya kizingiti cha juu. La tisa likaitika kama kengele, na lilipong'olewa machimboni likamponda mguu. Perrin akachonga kwenye jiwe hilo siku ya hukumu, malaika kashika mizani. Vumbi likamla macho. Mahaut akaunga mawe, chokaa ikamchuna viganja. Baridi ilipowahi kuingia, akavifunika viungo vyote kwa majani makavu na samadi, akavilinda kama mtoto mwenye homa mpaka barafu ikayeyuka. Ukuta wa jirani, ambao chokaa yake mbichi iligandishwa na baridi, ulianguka. Mlango ulisimama.

Askofu akaja na waraka. "Bwana wenu anamwachia huru mmoja. Aliyejenga mlango na apite chini yake."

"Baba Askofu, mlango huu una mjenzi mmoja?" Mahaut akauliza.

"Waraka una nafasi ya jina moja, binti."

"Nataka kuzikwa kama mtu," Odo alisema, "si kama ng'ombe wa bwana."

"Mwakani nitakuwa kipofu," Perrin alisema. "Kipofu asiye huru hutupwa."

Mahaut aliweka kiganja chenye makovu tumboni. Mimba ilikuwa ya miezi saba.

"Usilete tumbo hapa," Perrin akasema bila kumtazama. "Ameulizwa aliyejenga, hakuulizwa mwenye shida."

"Haya, tuhesabu kazi. Ondoa chokaa yangu, nini kitabaki juu?"

"Ondoa jiwe langu," Odo akasema taratibu, "utaunga nini, mwanangu?"

"Ondoeni nyuso zangu," Perrin akasema, "mbaki na tundu ukutani."

Juu yao sahani mbili za mizani zilikuwa zimelingana. Perrin mwenyewe alizichonga hivyo. Askofu akachovya kalamu, akangoja. Mtoto akampiga Mahaut teke.

Sasa kalamu iko mkononi mwako, msikilizaji. Utaandika jina la nani? Na ukishaandika, utawatazamaje wale wawili wanaobaki nje ya mlango walioujenga?